Mifereji ya Bruges Katika Chumba cha Kisumu: Tathmini ya Darasa la Jumamosi

Kwa Jumamosi mbili mfululizo nilihudhuria darasa la historia linalotolewa kwa malipo katika chumba kimoja cha ghorofani, si mbali na Barabara ya Oginga Odinga hapa Kisumu. Somo lilikuwa mifereji ya Bruges, mji wa kale ulioko magharibi mwa Ubelgiji, kilomita chache kutoka Bahari ya Kaskazini. Ada ni shilingi 800 kwa mtu mzima kwa vipindi vyote viwili na shilingi 300 kwa mwanafunzi, pamoja na chai, mandazi na kijitabu cha kurasa 16. Mimi nimefundisha historia katika shule ya upili kwa miaka mingi, na nilikwenda nikiwa na maswali ya kimasomo. Lakini nilifuatana na shemeji yangu, nahodha wa boti ya watalii kule Dunga, ambaye maswali yake yalitoka kwa mtu anayeishi na maji kila siku, na kwa kweli sehemu kubwa ya tathmini hii imejengwa juu ya aliyoyauliza yeye.

Nilipoliona tangazo mara ya kwanza nilijiuliza kwa nini mkazi wa Kisumu alipe fedha ili asimuliwe habari za mfereji uliochimbwa Ulaya katika karne za kati, hali historia ya bandari yake mwenyewe haijawahi kumpata msimulizi wa kutosha. Mwezeshaji alilijibu swali hilo bila kuulizwa, ndani ya robo saa ya kwanza. Aliweka picha mbili ukutani: moja ya gati la Kisumu, mji uliofikiwa na reli mwaka 1901 na kwa muda mrefu ukawa mlango wa kupitishia mizigo ya Uganda na ya upande wa pili wa ziwa, na nyingine ya mfereji wa Bruges wenye nyumba za matofali pande zote mbili. Kisha akasema kwamba miji hii miwili imeishi kwa kutegemea njia ya maji ambayo haikuwa na uhakika wa kubaki wazi, na kwamba yeyote atakayefuatilia jinsi mmoja ulivyoipoteza njia yake atajua la kuuliza kuhusu mwingine. Huo ulikuwa mwanzo mzuri, na kwa saa mbili zilizofuata alikuwa mwaminifu kwake.

Hadithi aliianza mahali panapostahili, yaani katika hofu. Tarehe 2 Machi 1127, Charles Mwema, mtawala wa Flanders, nchi ambayo Bruges ilikuwa ndani yake, aliuawa akisali katika kanisa la Mtakatifu Donasiani mjini Bruges. Mauaji hayo yalileta vita vya kugombania utawala, na wakazi wa mji, wakijua kwamba majeshi yangefika wakati wowote, walichimba handaki kuuzunguka mji wao na kusimamisha kuta mwaka uleule. Maji ya kulijaza yalikuwapo tayari: mto mdogo uitwao Reie ulipita mjini, na vijito vyake viliunganishwa na handaki jipya. Baadhi ya mifereji ya ndani ambayo watalii huipitia leo kwa mashua ni mabaki ya handaki hilo la 1127. Mwezeshaji alilisisitiza jambo hili, na nadhani alikuwa na haki ya kulisisitiza, kwa sababu watu wengi huudhani mfereji wa mji wa kale kuwa ulichimbwa kwa ajili ya biashara au kwa ajili ya kupendeza. Wale waliochimba hawakuwa na biashara akilini siku ile. Walitaka adui akifika asiweze kuvuka.

Biashara ilikuja kwa njia ambayo hakuna aliyeipanga. Mwaka 1134 dhoruba kubwa iliipiga pwani ya Flanders na kupasua ardhi, na bahari ikaingia ndani kwa hori refu lililokuja kuitwa Zwin. Ghafla meli za baharini ziliweza kukaribia mji ambao hapo awali ulikuwa unafungwa na mchanga. Palipoishia hori hilo, mtawala Philip wa Alsace aliupa mji mdogo wa Damme haki za mji mwaka 1180, na kati ya Damme na Bruges mto Reie ukanyooshwa na kuwa mfereji wa kupitisha mashua. Meli kubwa zilishusha shehena yake Damme, na baadaye, kadiri kina kilivyopungua, zikaishia Sluis iliyo karibu zaidi na bahari. Kutoka huko mizigo ilihamishiwa kwenye vyombo vyenye tumbo bapa na kuvutwa hadi katikati ya mji.

Hapo shemeji yangu alinyosha mkono kwa mara ya kwanza. Alitaka kujua vyombo hivyo viliingia mjini mpaka wapi, kwa maana mtu wa boti hasikii raha mpaka ajue mahali pa kufunga kamba. Jibu alilopewa ndilo lililowafanya watu chumbani wakae wima. Katika uwanja mkuu wa soko wa Bruges palikuwa na jumba kubwa lililoitwa Waterhalle, lililojengwa mwishoni mwa karne ya 13 juu ya mto wenyewe, hivyo kwamba mashua ziliingia chini ya paa lake na kushusha mizigo bila kunyeshewa. Jumba hilo lilibomolewa mwaka 1787, na mgeni wa leo akisimama uwanjani hapo haoni tone la maji. Si mbali na hapo palikuwa na kreni ya mbao yenye magurudumu makubwa ambayo watu walitembea ndani yake, hatua kwa hatua, ili kuinua mapipa ya mvinyo kutoka mashuani. Shemeji aliandika neno “kreni” katika daftari lake na kulipigia mstari; aliniambia baadaye kwamba alikuwa akifikiria wapagazi wanaobeba magunia ya omena begani pale ufuoni.

Sehemu kuhusu mfereji wa nje, ule unaouzunguka mji wote, ilikuwa fupi kuliko nilivyotarajia, lakini yaliyosemwa yalikuwa sahihi. Kufikia mwisho wa karne ya 13 mji ulikuwa umefurika nje ya handaki la kwanza, na kuanzia mwaka 1297 ukachimbwa mzunguko wa pili, wenye urefu wa karibu kilomita 7, pamoja na kuta na malango. Mzunguko huo bado upo. Kuta zimeondolewa na mahali pake pamekuwa njia za kutembelea kwa miguu, malango manne yamebaki, na juu ya tuta la upande wa mashariki vinasimama vinu vinne vya upepo. Ila mstari wa maji haujasogea, na ukiitazama picha ya mji iliyopigwa kutoka angani unauona umbo la yai lililozungushiwa utepe wa maji. Katika karne ya 14, ndani ya yai hilo waliishi zaidi ya watu 40,000, idadi iliyouweka Bruges miongoni mwa miji mikubwa ya kaskazini mwa Ulaya. Sufu ilitoka Uingereza, manyoya na nta vilitoka Urusi kupitia wafanyabiashara wa Hansa, umoja wa miji ya biashara ya Kijerumani, na viungo na hariri vililetwa na Waitalia ambao meli zao za Genoa na Venice zilikuwa zikizunguka Hispania mpaka Zwin. Familia moja yenye nyumba ya wageni, van der Beurse, ilikuwa na uwanja mbele ya nyumba yake ambapo wafanyabiashara walikutana kubadilishana fedha na habari za bei, na jina lake ndilo lililoingia katika lugha kadhaa za Ulaya kuwa jina la soko la hisa.

Ningependa palepale aongeze jambo moja ambalo kijitabu kimelitaja kwa sentensi moja tu katika ukurasa wa 7, nalo ni maji ya kunywa. Mji uliokuwa umezungukwa na maji ulikuwa na taabu ya kupata maji safi, na Bruges ilijenga jumba la maji ambamo mnyororo wa ndoo uliozungushwa kwa nguvu za farasi ulipandisha maji na kuyamimina katika mabomba yaliyopita chini ya ardhi kuelekea visima na nyumba za watu. Kwa wasikilizaji wa Kisumu, ambao wengi wao wanaishi wakiliona ziwa kutoka mlangoni na bado wananunua maji kwa mitungi, jambo hilo lilistahili nusu saa nzima. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu alisoma sentensi hiyo mara mbili na kumwonyesha jirani yake kwa kidole; hilo peke yake lilitosha kumwonyesha mwezeshaji kwamba hapo palikuwa na njaa ya kujua.

Kitu kinacholifanya darasa hili lizidi mihadhara ya kawaida ni sanduku la kioo lililowekwa juu ya meza katika kipindi cha pili. Ni tangi la kawaida la kufugia samaki, lenye urefu wa meta moja hivi, ambalo ndani yake mwezeshaji ametengeneza pwani ndogo kwa mchanga wa ziwani: upande mmoja bahari, katikati hori jembamba, na pembeni mwa hori uwanda wa chini unaowakilisha mabwawa ya chumvi ya Flanders. Kibao chembamba kinaweza kuchomekwa kati ya hori na uwanda huo. Tangi likiinuliwa kidogo upande wa bahari maji hujaa horini, likishushwa hupwa.

Kabla ya jaribio, hata hivyo, palikuwa na mkanganyiko ambao ungeweza kuepukwa. Mwezeshaji alizungumza kwa dakika kumi juu ya kujaa na kupwa kwa bahari kana kwamba kila mtu chumbani amekulia pwani. Ziwa letu halijai wala halipwi kwa namna ambayo mtu angeitambua. Linapanda na kushuka kwa majira ya mvua na kwa miaka. Nyuso za watu zilionyesha kwamba hawamfuati. Aliyeokoa hali ni mama mmoja mzaliwa wa Likoni aliyeolewa huku, ambaye kwa ruhusa ya mwezeshaji alisimama akaeleza maji ya bamvua, yanayojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo, jinsi bahari inavyokwenda na kurudi mara mbili kwa siku, na jinsi maji ya bamvua yanaporudi kwa nguvu yanavyoondoka na kila kilicholegea chini. Maelezo yake yalikuwa safi kuliko ya kijitabu. Ningewashauri wenye darasa wamwombe awe sehemu ya somo, na wamlipe.

Baada ya hapo jaribio lilikwenda bila maelezo mengi. Kwanza kibao hakikuwekwa. Tangi liliinuliwa na kushushwa mara nyingi. Maji yaliingia horini, yakaenea juu ya uwanda, kisha yakarudi yote kwa pamoja kupitia hori, na tuliona kwa macho yetu punje za mchanga zikiburutwa kuelekea baharini. Hori lilijisafisha lenyewe. Kisha kibao kikachomekwa, kama ambavyo watu wa Flanders, karne baada ya karne, walijenga matuta kuzuia bahari ili wageuze mabwawa ya chumvi kuwa malisho na mashamba. Mchezo ukarudiwa. Sasa maji yaliyoingia horini yalikuwa machache kwa kuwa hayakuwa na mahali pa kuenea, na yaliporudi yalirudi kwa unyonge. Mchanga uliingia na maji yaliyojaa lakini haukutoka na maji yaliyopwa. Baada ya dakika chache palikuwa na fungu la mchanga katikati ya hori ambalo mashua ya karatasi haikuweza kulivuka.

Hapa ndipo shemeji alipouliza swali ambalo bado linanirudia. “Mwalimu,” alisema, “kwa hiyo waliopata shamba ndio waliofunga bandari?” Mwezeshaji alinyamaza kidogo, kisha akakubali kwamba kwa sehemu kubwa ndivyo ilivyokuwa: kila tuta lililompa mtu ekari za ardhi liliipunguzia Zwin nguvu ya kujisafisha, na aliyepata ardhi hakuwa yule aliyepoteza meli. Shemeji akasimulia habari za Mbita, jinsi njia ya maji kati ya kisiwa cha Rusinga na nchi kavu ilivyozibwa kwa tuta la barabara katika miaka ya 1980, na jinsi wavuvi walivyolalamika kwa miaka mingi kwamba maji ya ghuba yamelala hayatembei, mpaka daraja lilipofunguliwa mwaka 2017 na maji yakapita tena. Hakuna mhadhara niliowahi kuusikia uliounganisha karne ya 14 na karne yetu kwa njia iliyo nyoofu hivyo, na haukutoka kwa mwenye darasa. Sifa za mwezeshaji ni kwamba aliliacha swali litawale chumba na hakuharakisha kurudi kwenye slaidi zake.

Sasa nifike kwenye kasoro, na ni kasoro kubwa. Ukurasa wa 11 wa kijitabu, pamoja na nusu saa ya mwisho ya kipindi cha pili, unadai kwamba Bruges ilikufa kwa sababu ya tope. Zwin ilijaa mchanga, meli zikashindwa kufika, wafanyabiashara wakahamia Antwerp, basi. Hadithi hiyo ni rahisi kuikumbuka, na baada ya jaribio la tangi la kioo inaonekana kuwa imethibitishwa mbele ya macho. Lakini haitoshi, na anayeifundisha hivyo kwa watu wa Kisumu anawanyima nusu ya somo ambalo ndilo walilolifuata.

Mchanga haukuanza kuingia Zwin katika karne ya 15. Ulikuwa ukiingia tangu zamani, ndiyo sababu meli zilihama kutoka Damme kwenda Sluis mapema sana, na kwa zaidi ya miaka 100 baada ya hapo mji uliendelea kutajirika kwa kutumia vyombo vidogo, milango ya maji na vibarua wa kuchimba. Mchoraji Jan van Eyck aliishi na kufanya kazi Bruges mpaka kifo chake mwaka 1441, na fedha zilizomlipa yeye na wachoraji waliomfuata zilikuwa fedha za mji uliokuwa umeshazoea kupambana na mchanga. Mji wenye nia na mapato huweza kulifungua hori lake kwa muda mrefu. Kilichobadilika katika miaka ya 1480 ni siasa.

Mwaka 1482 Mary, mtawala wa Burgundy na Flanders, alifariki baada ya kuanguka kutoka juu ya farasi, akamwacha mtoto mdogo. Mumewe, Maximilian wa Austria, alidai haki ya kutawala kwa niaba ya mtoto huyo, na miji ya Flanders, iliyokuwa na wivu mkubwa juu ya haki zake, ilimkatalia. Mapema mwaka 1488 watu wa Bruges walimkamata Maximilian na kumfungia katika nyumba moja iliyoko kwenye uwanja wa soko, wakamshikilia kwa zaidi ya miezi mitatu, na wakati akiwa kizuizini waliwaua baadhi ya maofisa wake. Alipoachiliwa hakusahau. Aliwataka wafanyabiashara wa mataifa ya kigeni wauhame mji huo waende Antwerp, mji uliokuwa upande wake, wenye Mto Scheldt uliokuwa na kina kizuri. Wengi waliondoka, baadhi walirudi baadaye, lakini desturi ya biashara ilikuwa imevunjika. Na Wareno walipoanza kuleta viungo vyao kutoka Bahari Hindi, mwaka 1501 meli yao ya kwanza yenye pilipili ilifika Antwerp, haikufika Bruges. Karne moja baadaye, mwaka 1604, katika vita kati ya Wahispania na Waholanzi, Sluis ilitekwa na Waholanzi, na mdomo wa njia ya maji ya Bruges ukawa mikononi mwa adui. Jambo hilo halikuletwa na mchanga hata kidogo.

Niliitoa hoja hii wakati wa maswali, na nilijibiwa kwa upole kwamba muda hautoshi kuingia katika habari za wafalme. Sikuridhika na jibu hilo. Msikilizaji wa Kisumu anajua kwamba gugu maji lilipofunika ghuba katika miaka ya 1990 boti zilikwama na samaki wakapungua kwa wavuvi wetu, na ni rahisi kwake kuamini kwamba bandari yake ilidhoofishwa na gugu maji peke yake. Lakini miaka mingi kabla ya gugu hilo, mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na shirika moja la reli na meli lililokuwa likiunganisha Kisumu na Mwanza, Bukoba na Jinja likagawanywa kati ya nchi tatu. Watu wazima waliokuwapo wanakumbuka gati lilivyonyamaza. Mtu akifundishwa kwamba Bruges iliangushwa na mchanga tu, atatoka akiamini kwamba mashine ya kuondoa magugu na mashapo inatosha kufufua bandari. Akifundishwa pia habari za 1488, ataangalia mikataba, ushuru na uhusiano wa majirani, na hapo ndipo atakapokuwa amelipata somo zima la fedha zake.

Naliandika jambo hili kwa kirefu kwa sababu nalithamini darasa lenyewe. Kama lingekuwa duni nisingehangaika.

Mambo mengine ni madogo na yanarekebishika. Kijitabu kimeandikwa kwa Kiswahili safi isipokuwa katika ramani, ambayo imechukuliwa mahali pengine ikiwa na maneno ya Kiholanzi yasiyotafsiriwa, na haionyeshi kaskazini iko wapi. Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza hataweza kuitumia. Kipaza sauti kilikuwa kikikatika katika kipindi cha kwanza, na waliokaa nyuma walipoteza habari zote za Damme. Chumba kina joto kali kuanzia saa nane mchana kwa kuwa madirisha yanatazama magharibi, na ngazi za kufikia ghorofani hazina mahali pa kushikilia, jambo ambalo wazee wawili waliokuwapo walilipata taabu nalo. Chai ilikuwa nzuri.

Kuhusu yale ya baada ya kuanguka, mwezeshaji alipita kwa haraka, na safari hii sikuona vibaya. Alitaja mfereji wa kwenda Ghent uliochimbwa katika karne ya 17, mfereji mnyoofu wa Damme ulioagizwa na Napoleon mwanzoni mwa karne ya 19, na hatimaye bandari mpya ya Zeebrugge iliyofunguliwa mwaka 1907 na kuuunganisha tena mji na bahari kwa mfereji mpana. Alieleza pia kwamba umaskini wa karne nyingi ndio uliozihifadhi nyumba za kale, kwa sababu mji usio na fedha haubomoi ili ujenge upya, na kwamba mwaka 2000 kitovu cha mji huo kiliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mambo hayo yanasomeka vitabuni, na ilitosha kuyagusa.

Je, ada inalingana na kinachotolewa? Kwa maoni yangu inalingana, na kwa mwanafunzi ni rahisi kuliko inavyostahili. Nimehudhuria mihadhara ya bure iliyonipotezea siku, na nimelipa zaidi ya hapa kwa mafunzo ambayo hayakuwa na kitu cha kushika mkononi. Hapa nimeona hori likiziba mbele ya macho yangu, na nimeona nahodha wa Dunga akiinama juu ya tangi la kioo baada ya watu wote kuondoka, akichomoa kibao na kukirudisha, akihesabu ni mara ngapi maji yanapaswa kuingia na kutoka kabla fungu la mchanga halijavunjika. Alihesabu mara kumi na tisa. Mwezeshaji alikaa naye mpaka alipomaliza, ingawa mlinzi alikuwa ameshaanza kuzima taa.

Nimewalipia wanafunzi ishirini na wawili wa Kidato cha Tatu kwa darasa la muhula ujao, na katika barua ya kuthibitisha nafasi zao nimeomba mambo mawili: ukurasa wa 11 uandikwe upya ukiwa na habari za 1488 na 1604, na mama wa Likoni apewe robo saa yake kabla tangi halijainuliwa. La pili limekubaliwa. La kwanza nimeambiwa linafikiriwa, na shemeji amesema atakwenda tena, atakaa mstari wa mbele, na ataliuliza yeye.